Udata na mdomo ulioshikwa kwa watoto: kutafuta chanzo cha dalili kabla ya kukata

Chini ya ulimi wa kila mtu kuna utando unaouunganisha ulimi na sakafu ya kinywa. Kwa watoto wengi utando huo ni mlegevu na hauzuii chochote. Kwa wachache ni mfupi, au ni mnene, au umejishikiza karibu mno na ncha, hata ulimi ukashindwa kuinuka, kutoka nje au kugeuka pembeni kama inavyotakiwa. Hali hiyo ndiyo inayoitwa udata. Makadirio ya watoto wanaozaliwa nayo hutofautiana kwa sababu wapimaji hawatumii kigezo kimoja, ila mengi huangukia kati ya watoto 4 na 10 katika kila 100, na wavulana huwa wengi kuliko wasichana. Mdomo wa juu nao una utando wake unaoushikanisha na ufizi, na huo umeanza kulaumiwa kwa mambo mengi kuliko unavyostahili.

Mwongozo huu unaanza na dalili aliyoiona mzazi, kisha unatafuta chanzo chake. Nimeuandika kwa mpangilio huo kwa makusudi, kwa sababu kosa linalorudiwa sana ni kuanzia upande wa pili: mtu anafunua kinywa cha mtoto, anauona utando, kisha kila tatizo alilonalo mtoto linabandikwa hapo. Kuonekana kwa utando si ugonjwa. Kinachotibiwa ni kazi ya ulimi iliyoshindikana, pale inapothibitika kuwa imeshindikana kwa sababu ya utando na si kwa sababu nyingine.

Jambo hili lina msingi katika maumbile yenyewe. Mwaka 2019 Nikki Mills na wenzake wa New Zealand walichapisha uchunguzi wa sehemu hii ya kinywa, wakaonyesha kwamba utando huo si kamba iliyosimama peke yake, bali ni mkunjo wa tabaka la tishu lililotanda kwenye sakafu ya kinywa, ambalo huinuka na kujikunja ulimi unapoinuliwa. Ndiyo maana ulimi wa mtoto yeyote ukivutwa juu kwa nguvu, utando utajitokeza na kukaza. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba matawi ya mshipa wa fahamu wa ulimi hupita karibu sana na hapo, jambo ambalo kila anayetaka kukata kwa kina anapaswa kulikumbuka.

Dalili zisizosubiri uchunguzi wa ulimi

Kabla ya kufikiria udata, hakikisha mtoto hayuko hatarini. Mtoto mchanga anayelala mno hata haamki kunyonya, anayelowesha nepi chini ya 6 kwa siku baada ya kutimiza siku 5, mwenye mkojo wa rangi nzito, ambaye utosi wake umebonyea, au ambaye umanjano wa ngozi na macho unazidi, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Anayetokwa jasho jingi na kuhema kwa shida kila anaponyonya, au ambaye midomo yake hubadilika kuwa ya bluu, anahitaji kupimwa moyo na mapafu. Anayetokwa na maziwa puani mara kwa mara achunguzwe kaakaa, kwa kuwa mpasuko wa kaakaa, hasa ule uliofunikwa na ngozi laini, unaweza kupita bila kugunduliwa siku ya kuzaliwa. Hakuna hata moja kati ya hali hizi ambayo suluhisho lake ni kukata utando wa ulimi, na kila siku inayopotea katika mjadala wa udata ni siku ambayo ugonjwa wenyewe haujatibiwa.

Kumwangalia mtoto kinywani

Osha mikono vizuri na uhakikishe kucha ni fupi. Keti penye mwanga wa kutosha, umlaze mtoto mapajani kichwa chake kikiwa upande wako na miguu ikielekea mbali nawe, ili umtazame kutoka juu. Usianze kwa kumshika ulimi. Subiri alie au apige miayo, kwa sababu hapo ulimi hufanya kazi wenyewe bila kulazimishwa. Ulimi usio na kizuizi huinuka angalau hadi katikati ya kinywa kilichofunguka. Ulimi wenye udata uliokaza hubaki chini, kingo zake za pembeni zikiinuka huku katikati kukiwa kumevutwa chini. Kisha gusa taratibu mdomo wa chini na ufizi wa chini kwa ncha ya kidole. Mtoto mchanga kwa kawaida huutoa ulimi kufuata kidole. Ukivuka ufizi na kufika juu ya mdomo wa chini, hiyo ni dalili njema. Ukiishia nyuma ya ufizi, au ncha yake ikabonyea katikati na kugawanyika mbili, kuna cha kuchunguza zaidi.

Wataalamu wengi hutumia kipimo kilichotengenezwa Bristol, Uingereza, ambacho huangalia mambo manne: umbo la ncha ya ulimi, mahali utando ulipojishikiza kwenye ufizi wa chini, kiasi ulimi unachoinuka mtoto anapolia, na kiasi unachotoka nje. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ikiwa ndogo, kizuizi ni kikubwa. Mzazi hahitaji kutoa alama, ila kuyajua mambo hayo manne kunamsaidia kueleza alichokiona badala ya kusema tu kwamba ulimi ni mfupi.

Jaribio la mwisho ni la kidole. Kiingize kidole safi, upande wa nyama ukielekea kaakaa, umwache mtoto anyonye. Unapaswa kuhisi ulimi ukikizunguka kidole kwa chini na kukivuta kwa mawimbi yanayotoka mbele kwenda nyuma. Ikiwa unachohisi ni ufizi ukitafuna kidole huku ulimi ukiteleza kurudi nyuma, kiandike na umweleze mtaalamu. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hata hivyo, unyonyaji dhaifu unaweza kuwa ni uchanga tu, na hubadilika wiki zinavyokwenda.

Dalili: chuchu zinauma, zinapasuka au zinatoka damu

Hii ndiyo dalili inayowaleta akina mama wengi, na ndiyo ambayo kukata utando kumeonyesha faida iliyo wazi zaidi pale udata unapokuwa wa kweli. Kwa hiyo inastahili kuchambuliwa kwa makini kuliko nyingine.

Katika wiki ya kwanza, maumivu mepesi ya sekunde chache mtoto anaposhika titi huwapata wanawake wengi na huisha yenyewe. Maumivu yanayoendelea muda wote wa kunyonyesha, au yanayozidi kila siku, si ya kuvumiliwa. Mama asiambiwe kwamba ndivyo kunyonyesha kulivyo.

Anza kwa kuitazama chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Chuchu iliyoshikwa vizuri hutoka ikiwa ndefu kidogo lakini ya mviringo. Ikitoka imebanwa na kukatika mshazari kama ncha ya rangi ya mdomo iliyotumika, maana yake inabanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu badala ya kufika nyuma kwenye kaakaa laini. Ukiona hivyo, kuna sababu mbili kubwa: ama mtoto ameshika kijuujuu kwa sababu ya mkao, ama ulimi umeshindwa kusogea mbele. Ya kwanza ni ya kawaida zaidi, na hurekebishwa bila kisu.

Rekebisha mkao kabla ya lolote. Mwili wa mtoto wote umwelekee mama, tumbo kwa tumbo, sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja, shingo isijipinde. Pua yake iwe mkabala na chuchu, si mdomo wake. Akifunua kinywa kwa upana, mlete kwenye titi haraka, kidevu kikitangulia kugusa, ili mdomo wa chini ukae mbali na chuchu na duara jeusi la titi lionekane zaidi juu ya mdomo wa juu kuliko chini. Kama maumivu yanaendelea baada ya sekunde thelathini hivi, mwondoe kwa kuingiza kidole safi pembeni mwa kinywa chake ili kuvunja mvuto, kisha anza upya. Kumvuta bila kufanya hivyo ndiko kunakochana chuchu. Mama akiegemea nyuma na kumlaza mtoto juu ya kifua chake, watoto wengi wenye ulimi uliokaza kiasi hushika vizuri zaidi, kwa sababu uzito wa kichwa na taya huwasaidia kuusogeza ulimi mbele.

Ikiwa mkao ni mzuri na maumivu yapo, chunguza sababu nyingine. Maumivu ya kuungua au kuwasha yanayobaki hata baada ya kunyonyesha, pamoja na chuchu zinazong'aa na utando mweupe usiofutika ndani ya mashavu ya mtoto, yanaelekeza kwenye fangasi, na mama na mtoto hutibiwa pamoja. Chuchu inayogeuka nyeupe kisha bluu au nyekundu baada ya kunyonyesha, hasa kwenye baridi, inaashiria kubana kwa mishipa midogo ya damu. Joto kavu husaidia, ingawa chuchu inayobanwa na ulimi ulioshikwa nayo huweza kubadilika rangi hivyo, kwa hiyo dalili hii peke yake haiamui. Titi lenye sehemu ngumu, nyekundu na yenye joto, mama akiwa na homa, linahitaji tiba ya maambukizi upesi, na wakati huohuo maziwa yaendelee kutolewa.

Kama yote haya yameangaliwa, mtaalamu wa unyonyeshaji ameshuhudia mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho, chuchu bado inatoka imebanwa, na uchunguzi wa kinywa unaonyesha ulimi usioinuka wala kutoka, basi udata ni chanzo cha kuaminika. Kuendelea kusubiri hapo ni kumtesa mama na kuhatarisha unyonyeshaji wenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu tahadhari dhidi ya kukata ovyo isigeuke kuwa kisingizio cha kuwanyima msaada wanaouhitaji.

Dalili: mtoto haongezeki uzito, au ananyonya bila kutosheka

Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo. Akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au asipourudia uzito huo kufikia wiki 2, lazima achunguzwe. Baada ya hapo, katika miezi 3 ya kwanza, ongezeko la gramu 20 hadi 30 kwa siku ni la kawaida.

Mwenye udata unaomzuia kunyonya huwa na mtindo fulani: hukaa titini muda mrefu, husinzia mapema, huamka baada ya muda mfupi akitafuta tena, na matiti ya mama hubaki mazito. Sikiliza anavyomeza. Maziwa yakishaanza kushuka, mezo moja kwa kila mnyonyo au minyonyo miwili ni ishara kwamba yanamfikia. Minyonyo mingi ya harakaharaka isiyo na mezo ina maana hayapati, na kumkandamizia titi taratibu anaponyonya kunaweza kumwongezea kiasi wakati chanzo kinatafutwa.

Lakini uzito mdogo una vyanzo vingi. Maziwa ya mama yanaweza kuwa machache kwa sababu ya kondo lililobaki, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upasuaji wa matiti, au ratiba inayomnyonyesha mtoto kwa saa zilizopangwa badala ya anapotaka. Mtoto anaweza kuwa na maambukizi, misuli dhaifu, shingo iliyokaza upande mmoja, au tatizo la moyo. Kwa hiyo mtoto asiyeongezeka uzito apimwe mwili mzima na daktari wa watoto hata kama udata wake unaonekana dhahiri, kwa sababu anaweza kuwa na vyote viwili. Wakati uchunguzi ukiendelea, mambo mawili hayasubiri: mtoto alishwe, kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa au mengine atakayoshauri mhudumu wa afya, na mama akamue mara nyingi ili maziwa yasikauke.

Dalili: sauti ya mkato anaponyonya, maziwa kuvuja, gesi, kucheua

Sauti ya "tk, tk" hutokea ulimi unapopoteza mvuto. Udata unaweza kuileta, lakini hata maziwa yanayotoka kwa kasi kubwa huileta, kwa kuwa mtoto huinua ulimi kujikinga. Kama anaongezeka uzito na mama haumii, sauti hiyo haihitaji tiba. Mkao wa mama kuegemea nyuma hupunguza kasi ya maziwa, na mara nyingi hutosha.

Gesi, kulia jioni na kucheua ni mambo ya karibu kila mtoto mchanga, na ushahidi kwamba kukata utando huyaponya haupo wa kutegemewa. Vivyo hivyo kwa madai kwamba udata ndio unaomfanya mtoto asilale usiku. Mzazi aliyechoka huvutiwa kirahisi na ahadi za namna hii, na hilo linaeleweka kabisa. Ila mtoto asikatwe kwa ajili ya kilio cha jioni.

Kwa anayetumia chupa, dalili ni maziwa kumwagika pembeni mwa kinywa na chupa moja kuchukua muda mrefu sana. Jaribu kwanza chuchu ya chupa inayotoa maziwa polepole zaidi au yenye umbo jingine, umkalishe wima zaidi, na umpumzishe kila baada ya muda. Wengi hufaulu kwa hayo.

Dalili: mdomo wa juu haufunuki

Hapa pana maelezo mengi yasiyo sahihi. Karibu kila mtoto mchanga ana utando unaoonekana kati ya mdomo wa juu na ufizi, na kwa wengi hushuka hadi ukingo wa ufizi au hata kuuzunguka. Ni maumbile ya kawaida ya umri huo. Taya linapokua, mahali ulipojishikiza hubaki juu zaidi ikilinganishwa na meno.

Tena, mdomo wa juu hauhitaji kukunjuka nje kabisa mtoto anaponyonya. Ukitulia tu juu ya titi, inatosha; kazi kubwa ya kunyonya ni ya ulimi na taya. Ukiuona umejikunja ndani, uvute nje taratibu kwa kidole. Malengelenge madogo kwenye mdomo wa mtoto hutokana na kunyonya na si ushahidi wa kitu. Kwa maoni yangu, kukata utando wa mdomo wa juu kwa mtoto mchanga ili anyonye vizuri ni jambo la kukataa, labda pawepo sababu ya pekee iliyothibitishwa na zaidi ya mtaalamu mmoja. Utando wa mashavuni usikatwe kabisa. Jopo la madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani lililotoa tamko lake mwaka 2020 lilikubaliana kuhusu hilo la mashavuni.

Dalili kwa mtoto mkubwa: matamshi

Udata hauchelewishi mtoto kuanza kuongea. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, au wa miezi 18 asiye na neno lolote, apimwe usikivu na maendeleo ya ukuaji wake kwa jumla. Kumpeleka akakatwe utando na kusubiri maneno yaje ni kumpotezea miezi ambayo angeweza kusaidiwa.

Udata unachoweza kugusa ni ubora wa sauti zinazohitaji ncha ya ulimi: l, r, n, t, d, s, z, na zile za th na dh ambazo ulimi husogea kati ya meno. Msikilize mtoto akisema maneno ya kawaida. Anayesema "tuku" badala ya "kuku" hana kosa linalotokana na udata, kwa sababu k hutengenezwa na sehemu ya nyuma ya ulimi, na anayefaulu kusema t badala yake ameshaonyesha kwamba ncha inainuka. Anayesema "balua" badala ya "barua" akiwa na miaka 3 bado yumo katika umri wake, kwani r inayotetemesha ncha ya ulimi ni miongoni mwa sauti zinazochelewa. Lakini mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule, ambaye sauti kadhaa za ncha zote kwa pamoja ni butu, ilhali p, b, m, k na g ni safi, ana mtindo unaolingana na ulimi ulioshikwa.

Mwombe afungue kinywa kwa upana na aguse kaakaa nyuma ya meno ya juu kwa ncha ya ulimi bila kufunga taya. Kisha alambe mdomo wa juu, na pembe zote mbili za mdomo. Anayeshindwa yote hayo, au anayelazimika kufunga kinywa nusu ili ulimi ufike, apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya matamshi kwanza, na huyo ndiye ashauriane na daktari wa upasuaji. Wapo watoto wenye udata mkubwa wanaotamka kila sauti sawasawa, kwa sababu ulimi hujifunza njia nyingine. Hao hawana haja ya kukatwa. Kwa wanaokatwa, mazoezi ya matamshi huendelea baadaye, maana tabia ya ulimi iliyojengeka kwa miaka haifutiki kwa mkasi.

Katika kula, ulimi ulioshikwa unaweza kushindwa kuondoa chakula kilichobaki kati ya shavu na ufizi. Kukataa vyakula vigumu au kutapikatapika, hata hivyo, kuna sababu nyingi zaidi ya ulimi, na mtoto anayekabwa mara kwa mara achunguzwe umezaji wake.

Dalili: mwanya kati ya meno ya mbele

Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu ni wa kawaida kwa meno ya utotoni, na hata meno ya kudumu huanza nao. Mara nyingi hupungua chonge za kudumu zinapoota, karibu na umri wa miaka 11 au 12. Daktari wa meno anaweza kuuvuta mdomo wa juu na kutazama kama ufizi kati ya meno unakuwa mweupe. Ukiwa hivyo, utando umepenya hadi hapo. Bado, upasuaji husubiri hadi chonge zitoke, na kwa kawaida hufanywa baada ya meno kusogezwa kwa vyuma, kwa sababu kovu la upasuaji wa mapema linaweza kuzuia mwanya usizibe.

Udata nao unaweza kuacha mwanya kati ya meno ya mbele ya chini na kuuvuta ufizi nyuma ya meno hayo. Ufizi unaoshuka ni sababu halali ya kuonana na daktari wa meno.

Inapoamuliwa kukata

Ushahidi uliopo usemwe kama ulivyo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302, yakaona kwamba kukata hupunguza maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, lakini hayakuona manufaa yanayolingana katika majaribio yote kuhusu unyonyaji wa mtoto. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye watoto 169, halikukuta tofauti ya maana katika idadi ya waliokuwa bado wanapata maziwa ya mama wakiwa na miezi 3. Ila wengi wa waliopangiwa kutokatwa walikuja kukatwa baadaye, jambo linalopunguza uzito wa jibu hilo. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2024 unaelekeza kwamba mtoto akatwe pale tu panapokuwa na kizuizi kinachoonekana pamoja na tatizo la kunyonya ambalo msaada wa unyonyeshaji haukuliondoa.

Kabla ya kukata, maswali matatu hayakwepeki. Je, mtoto alidungwa vitamini K alipozaliwa? Je, kuna mtu katika ukoo anayevuja damu isivyo kawaida? Je, taya la chini la mtoto ni dogo sana au misuli yake ni dhaifu? Mwenye taya dogo sana anaweza kuzibwa njia ya hewa na ulimi ulioachiwa huru, kwa hiyo huyo hakatwi mpaka wataalamu wa njia ya hewa watoe kauli. Utando usikatwe nyumbani kwa wembe, kucha wala kifaa kingine chochote, hata kama unaonekana mwembamba. Chini yake kuna mishipa ya damu na matundu ya mate.

Kwa mtoto mchanga kazi yenyewe ni fupi. Hufungwa vizuri kwa shuka, msaidizi hushika kichwa, ulimi huinuliwa, na utando hukatwa kwa mkasi wenye ncha butu. Hutoka matone machache ya damu, kisha hunyonyeshwa papo hapo, na kunyonya huko humtuliza na husaidia kuzuia damu. Leza hutumika pia, lakini haijathibitika kuwa bora kuliko mkasi, na mzazi asilazimishwe kuichagua. Mtoto mkubwa zaidi huhitaji ganzi au nusukaputi, na wakati mwingine kushonwa. Dawa za kupaka za ganzi zenye benzokaini zisitumike kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Asali isipakwe kwenye kidonda cha mtoto aliye chini ya miezi 12.

Siku inayofuata, chini ya ulimi huonekana doa jeupe au la manjano. Hilo si usaha. Ni kidonda kinachopona, na hutoweka ndani ya wiki 1 hadi 2. Damu isiyokoma baada ya kubana kwa kitambaa safi kwa dakika 10, homa, uvimbe chini ya ulimi au kukataa kunyonya ni sababu za kurudi hospitali mara moja. Mazoezi ya kukivuta na kukisugua kidonda mara nyingi kwa siku hayajathibitika kuzuia utando usijishike tena. Mwongozo wa mwaka 2024 hauyapendekezi, na humuumiza mtoto kwa kiasi cha kumfanya aogope kuguswa kinywani. Kunyonya kwenyewe ndilo zoezi lake.

Tatizo linapoendelea baada ya kukatwa

Baadhi ya akina mama huhisi nafuu wakati wa kunyonyesha mara ya kwanza baada ya kukatwa. Wengine huchukua siku kadhaa hadi wiki 2, kwa sababu mtoto anajifunza upya na chuchu zilizojeruhiwa zinahitaji muda wa kupona. Katika kipindi hicho mkao usahihishwe tena tangu mwanzo, maana mtoto aliyezoea kushika kijuujuu hataacha mazoea hayo kwa kuwa tu ulimi umeachiwa. Uzito upimwe ndani ya wiki, na ukamuaji uendelee hadi utakapoonekana unapanda.

Nafuu ikikosekana kabisa, uwezekano wa kwanza wa kuufikiria ni kwamba chanzo hakikuwa ulimi, na uchunguzi urudi kwenye fangasi, maziwa machache, shingo iliyokaza na magonjwa ya mtoto mwenyewe. Uwezekano kwamba utando umejishika tena upo, na dalili yake ni nafuu iliyokuja kwanza kisha ikapotea wiki kadhaa baadaye, sambamba na ulimi uliorudi kutoinuka. Kukatwa mara ya pili kuamuliwe, inapowezekana, na mtaalamu mwingine asiye yule aliyekata mara ya kwanza, baada ya kumtazama mtoto akinyonya mbele yake, na si kwa kutazama picha ya kinywa.